Kiporo kikiingia kwenye pilau, bado ni kiporo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Shemeji yangu alitujia Chake Chake na nyama ya nyati, kainunua bara kwenye bucha la nyamapori, imeganda barafu. Usiku tukaila kwa mchuzi. Nyati ilibaki nyingi, na siku ya pili mchana mke wangu akaitia kwenye pilau. Nikasema, "Leo tunakula kiporo." Mke wangu akanuna. Mama naye akasema hicho si kiporo, kwao huitwa mwiku. Nani kapatia? Na nyamapori ni neno moja au mawili?

JIBU: Marahaba. Mkeo ana haki ya kununa.

Kiporo ni chakula kilichokwisha kupikwa, kikabaki, kikalala, kikaliwa baadaye kwa jina lake lile lile. Wali wa jana ukiliwa leo ni wali bado. Sikiliza kitenzi kinachofuatana nacho: kiporo hupashwa, au hutiwa moto kama tusemavyo visiwani. Hakipikwi. Ile nyama ilipokuwa kwenye friji usiku kucha ilikuwa kiporo, sibishi. Lakini mtu akishakaanga vitunguu, akaponda thomu na tangawizi, akatia uzile, mdalasini, hiliki na karafuu, kisha akamimina mchele, huyo amepika. Kilichotoka jikoni ni pilau, na mpishi wake anastahili kuambiwa amepika pilau. Kama angeutia moto ule mchuzi wa jana na kuuleta mezani na mkate, hapo neno lako lingesimama.

Nyama mbichi iliyobaki haimo kabisa katika kiporo, hata ikae wiki kwenye barafu. Hiyo ni nyama iliyobaki, basi. (Watangazaji wa mpira wanaposema timu ina viporo viwili, wanazungumzia mechi ambazo hazijachezwa, yaani chakula ambacho hakijapikwa! Matumizi hayo yameshaenea na mimi siyapigi vita, ila yasije yakatuvurugia jikoni.)

Mwiku ni ndugu wa kiporo, na bariyo pia. Ni chakula cha usiku kilichobakizwa kikaliwa asubuhi: muhogo wa jana na mchuzi uliolala, chai pembeni, huo ndio mwiku. Mama kataja neno zuri ambalo vijana wanaliacha, ila nyinyi mlikula mchana, tena chakula kipya. Kwa hiyo kapatia alipokukatalia kiporo, hakupatia alipotoa jina lake. Mfikishie kwa adabu.

Shukuru tu hukusema makombo. Makombo ni yale yanayobaki sahanini baada ya watu kula, mikono imeshapita. Ukilitumia neno hilo kwa chakula cha mkeo, kununa kungekuwa ndiyo adhabu ndogo.

Nyamapori huandikwa neno moja, na upatanisho wake ni wa nyama: nyamapori hii, imeiva. Usiichanganye na wanyamapori, ambao ni viumbe wenyewe na huandikwa vivyo hivyo kwa kuunganishwa, kama katika jina la Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Wapo wanaosema mawindo. Sawa, lakini mawindo ni ya aliyewinda; shemeji yako alikwenda buchani na pesa.

Umeandika pia "nyati ilibaki". Jina la mnyama hubaki na upatanisho wa kiumbe hata akiwa chunguni: kuku ameiva, samaki huyu mtamu. Kwa kanuni hiyo ungeandika "nyati alibaki mwingi", na msomaji angedhani kuna mnyama uani kwenu. Andika "nyama ya nyati ilibaki nyingi", ugomvi uishe.