Maswali kwa Fundi: Keshia akitoka kula, programu imeganda

Swali: Fundi, shikamoo. Nasimamia kompyuta za SACCOS moja hapa Morogoro. Keshia wa tawi letu huingia kwenye seva ya makao makuu, ambayo hifadhidata yake ni PostgreSQL, kupitia faiawoli, yaani mashine inayolinda mtandao. Asubuhi mambo ni shwari. Anatoka kula saa 6:30, anarudi saa 7:45, na akibonyeza mara ya kwanza tu programu inaganda, halafu inaandika kwamba muda wa muunganisho umekwisha. Akiifunga na kuifungua upya, inakubali. Grafu ya prosesa ya faiawoli inasoma asilimia 25, lakini muuzaji anasema mashine imezidiwa, tununue kubwa zaidi. Tununue? (S.M., Morogoro)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usinunue kitu bado.

Umefanya vizuri kunitajia saa, maana wengi huniandikia "mtandao unasumbua" basi. Mashine iliyozidiwa haimchagui aliyetoka kula. Ingemsumbua kila mtu, hata anayefungua muunganisho mpya. Kwenu mpya unafunguka papo hapo. Unaokufa ni ule uliokaa kimya saa 1 na robo.

Faiawoli ina daftari lake. Kila muunganisho una mstari, na kila mstari una saa inayohesabu kurudi nyuma. Pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, ikipita, saa inaanza upya. Isipopita hadi muda uishe, mstari unafutwa, na mara nyingi haambiwi mtu: keshia anadhani bado yumo, seva nayo inadhani bado inaye. Akirudi na kubonyeza, faiawoli inaona pakiti ya mtu anayeendeleza mazungumzo ambayo kwenye daftari hayapo. Inaitupa kimyakimya. Programu inatuma tena, inangoja, inatuma tena. Hapo ndipo inapoganda.

Muda huo hutofautiana kwa aina ya faiawoli: Cisco ASA ikitoka kiwandani imepangiwa saa 1, FortiGate sekunde 3600, yaani ileile. PfSense hungoja saa 24. Sasa tazama seva: Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi, hujua kutuma kipakiti cha "bado nipo", ila cha kwanza hutoka baada ya ukimya wa sekunde 7200. Saa 2! Mstari umeshafutwa zamani.

Hakikisha kwanza. Mwambie keshia afungue programu, aiache dakika 50 bila kuigusa, kisha abonyeze. Afungue upya, aache dakika 65, abonyeze tena. Ya kwanza ikipona na ya pili ikafa, umempata mchawi. Dawa iko kwenye faili la mipangilio ya PostgreSQL, postgresql.conf: andika tcp_keepalives_idle = 600, uiambie seva isome upya mipangilio, keshia atoke na kuingia tena. Kila baada ya dakika 10 za ukimya seva itabisha hodi, na mstari hautafutwa. Kama seva si yako kugusa, refusha muda kwenye faiawoli, lakini kwa kanuni ya mlango 5432 peke yake, ambao ndio wa kawaida wa PostgreSQL. Ukirefusha kwa kila kitu, daftari litajaa mistari ya watu walioondoka zamani na kumbukumbu ya mashine itakwisha.

Hiyo asilimia 25 nayo usiichukulie kuwa ndogo. Prosesa huwa na viini, yaani sehemu zinazofanya kazi kila moja kivyake. Mashine yenye viini vinne, kimoja kikiwa kimebanwa hadi 100 na vitatu vimelala, wastani wake ni 25 kamili. Grafu inayochukua wastani wa dakika 5 ndiyo mbaya zaidi: sekunde 20 za kubanwa kabisa ndani ya sekunde 300 hazifiki hata asilimia 7. Tazama kiini kimoja kimoja, tena wakati tatizo linatokea. Kwenye Linux fungua top, bonyeza 1. Kwenye rauta za MikroTik kuna amri ya /tool profile.

Mimi niliwahi kuwashauri watu wa ghala moja wanunue faiawoli mpya kwa dalili hizihizi. Walinunua, na Jumatatu saa 8 mchana simu yangu ikaita. Sikulala vizuri wiki ile.

Kwa hiyo muuzaji mwombe akuonyeshe viini, si grafu. Na kama hata jaribio la dakika 50 limekufa, niandikie tena na unitajie dakika ngapi hasa, maana kati yenu na seva huenda kuna kifaa kingine chenye saa fupi zaidi, rauta ya mtoa huduma kwa mfano.