Mwanangu, anza sasa ila usianze kwa kulipa

Assalamu alaikum mwanangu. Sisi huku Lamu tu wazima, babako anakusalimu, kusi inavuma vibaya boti za Manda zinarukaruka lakini ndio msimu wake. Voisi yako nimeisikiza. Unauliza uanze digrii ya onlaini saa hii ukiwa bado kwenye jeshi la Marekani huko Texas, ama ungoje mkataba uishe utoke ndio usome kwa utulivu. Ami yako anasema ngoja, ati bunduki na kitabu haviendi pamoja. Mimi nasema anza, na zile karatasi ulizonitumia nimezisoma zote, zingine mara mbili kwa kile Kizungu chao cha ofisi.

Lakini kabla hujajiandikisha popote nenda ofisi ya elimu hapo kambini uulizie JST yako, Joint Services Transcript, ile inayoonyesha mafunzo yote uliyopitia jeshini na krediti, yani alama za masomo za kuhesabia digrii, inayopendekezwa upewe kwa kila moja. Digrii huko ni krediti kama 120 na kozi moja kawaida ni 3, sasa ikiwa jasho lako la mafunzo limeshakupa hata chache, kwa nini uzilipie tena, hiyo si sawa na kwenda sokoni kununua nazi za shamba lako mwenyewe? Ila kila chuo kinaamua chenyewe kitapokea ngapi, kwa hivyo uliza vyuo viwili vitatu na wakujibu kwa maandishi, si kwa mdomo. Na hakikisha chuo kina ithibati ya kweli. Huyo mtu wa chuo unayesema anakupigia kila jioni kwa sauti tamu akuandikishe leo leo, mimi simuamini hata kidogo, elimu nzuri haimkimbizi mtu hivyo.

Na hiyo mitihani ya CLEP usiidharau. Unafanya mtihani mmoja, ukifaulu chuo kinachoikubali kinakupa krediti bila kukaa kozi nzima, na nyinyi wanajeshi jaribio la kwanza la kila somo mnalipiwa. Anza na hesabu, hesabu ulikuwa mkali tangu hapa.

Pesa sasa. Tuition Assistance, hiyo mnayoiita TA, pesa ya jeshi ya kulipia karo ukiwa kazini, inalipa mpaka dola 250 kwa krediti na haipiti 4,500 kwa mwaka, yani kozi ya krediti 3 ni 750, chuo kikidai zaidi ni mfuko wako. Tumia hiyo. GI Bill, ile haki yenu wanajeshi ya kusomeshwa na serikali, iwache ilale, ni miezi 36 ya masomo na ukiila saa hii ukiwa bado kazini ile pesa ya nyumba inayokuja nayo hupati, na hata ukishatoka, ukisoma onlaini tupu wanakupa nusu ya wastani wa nchi nzima, lakini ukiweka hata kozi moja ya kukaa darasani wanakulipa kwa kiwango cha pale chuo kilipo. Hapo ndipo nilipomjibu ami yako, nikamwambia mtoto asome kidogo sasa, akitoka jeshini asome kwa nguvu. Akanyamaza, akaomba chai.

Kozi moja tu kwa mara ya kwanza, tafadhali, usijifanye shujaa. Ukipata chini ya C hiyo TA unairudisha kutoka mshahara wako. Mkuu wako ajue unasoma, na mwalimu ajue mapema kama kuna mazoezi ya porini, na ukitumwa ghafla katikati ya kozi upate barua ya mkuu kwamba ni kazi imekutoa, usije ukadaiwa bure. Binamu yako wa Langoni anasomea Open University of Kenya, hiki chuo cha Konza kilichoanzishwa 2023, kila kitu onlaini, na huku stima inapotea wakati wowote, yeye anadaunlodi masomo ya wiki nzima mtandao ukiwa mwepesi kisha anasoma bila bando. Na wewe fanya hivyo kabla ya kwenda porini.

Ukishapata majibu ya vyuo nitumie picha zake tuzilinganishe. Na kama huna laptopu ya maana nunua kwanza, pesa za bati mwezi huu usitume, fundi mwenyewe yuko Mpeketoni mpaka mwezi ujao.

Mamako