Postikadi za picha za mkono ukiwa pwani: anza na maji

Dada yangu wa Malindi, umeuliza kama unaweza kuingia kwenye mzunguko wa kubadilishana postikadi za filamu, ambamo kila mtu huwatumia wenzake kadi aliyoichapa mwenyewe, ilhali huna chumba cha giza cha kuchapia picha wala enlarja, ile mashine ya kuzikuzia, na unachelea kadi zitaharibikia njiani. Ingia. Mimi natuma kadi zangu kutoka Lamu mwaka wa sita huu, na kilichonitesa zaidi si giza wala posta. Ni maji.

Giza nililipata bure. Nyumba yetu ya Mkomani ni ya mawe, ina nyumba kati, kile chumba cha nyuma kabisa kisicho na dirisha, ambamo zamani wanawake walijifungulia na maiti wakaoshewa. Nilimwomba mama ruhusa kabla ya kuingiza taa nyekundu mle. Akakubali, kwa sharti kwamba dawa zangu zisikaribie birika, tangi la maji la nyumba.

Mzunguko wangu wa kwanza tulikuwa watu 15. Nilinunua karatasi ya Ilford iliyokatwa tayari kwa kipimo cha postikadi, ile yenye tabaka la plastiki na mistari ya anwani mgongoni. Nikachanganya dawa kwa maji ya kisima chetu, ambayo ni ya chumvichumvi na yamejaa chokaa. Picha zilitoka, nikashangilia. Zilipokauka zikawa na madoa meupe kama zilizonyunyiziwa unga. Kadi zote 15. Nilikaa barazani jioni ile nimezipanga magotini, sijui niwaambie nini wenzangu.

Tangu siku hiyo nakinga maji ya mvua wakati wa masika na kuyaweka kwenye madumu kwa ajili ya picha tu. Ya kuchanganyia developa, dawa inayoitokeza picha, nayatia kwenye mtungi wa udongo tangu usiku, kwa sababu dawa hii imepimiwa nyuzi 20, na wakati wa kaskazi maji ya ndoo hapa hukaribia 30. Kwenye maji ya moto picha hukurupuka, inakuwa nyeusi kabla hujaiamua. Mtungi haushushi hadi 20, lakini unakupa nafasi ya kuhema.

Na bahari pia inasaidia, jambo ambalo wengi hawaamini. Kwa karatasi isiyo na plastiki, ile inayonywa dawa na kutaka kuoshwa muda mrefu, maji ya chumvi huitoa fiksa, dawa ya kuizuia picha isiendelee kubadilika, upesi kuliko maji yasiyo na chumvi. Wanamaji wa Marekani waliligundua hili melini wakati wa vita vya pili. Mimi huosha kwa ndoo mbili za maji ya bahari, kisha namalizia na ya mvua, mara tatu au nne. Hiyo ya mwisho usiiruke hata ukiwa umechoka, maana chumvi ikibaki ndani huvuta unyevu na picha huoza.

Sasa wewe usiye na chumba cha giza. Tengeneza sayanotaipi, picha ya buluu inayochapwa na jua. Herschel aliivumbua Uingereza mwaka 1842, na jua la Malindi litaifanya vizuri kuliko la kwao. Unahitaji chumvi mbili za chuma: ferik amonia sitreti gramu 25 kwa mililita 100 za maji, na potasiamu ferisianaidi gramu 10 kwa mililita 100, kila moja kwenye chupa yake. Changanya sawa kwa sawa unachohitaji siku hiyo tu. Pakaa kwenye karatasi nene ya rangi za maji, ndani ya chumba chenye taa hafifu ya manjano, kwa brashi isiyo na chuma. Vaa glavu, na chombo utakachotumia kisirudi jikoni tena. Ikikauka, lalisha negativu, yaani kipande cha filamu iliyosafishwa, juu yake, kandamiza kwa kioo cha fremu na vibanio vya nguo, toa nje. Hapa kwetu saa tano asubuhi dakika nane hunitosha, ila jaribu kwanza kwenye kipande.

Kisha suuza, na hapa maji yanarudi. Maji ya chokaa huila buluu hii. Niliwahi kuiona picha ya jahazi ikiyeyuka mbele ya macho yangu ndani ya beseni. Tumia ya mvua, au kamulia limau kwenye maji ya kwanza. Usihuzunike ikitoka imepauka, itakoza yenyewe hadi kesho yake.

Kwa kuwa bila enlarja picha hutoka sawa na ukubwa wa negativu, ya milimita 35 itakupa kijipicha cha milimita 24 kwa 36 katikati ya kadi nzima. Mimi nakipenda hivyo hivyo, mtu analazimika kukisogeza machoni. Chagua negativu ambayo weusi na weupe vimeachana sana. Kingo za brashi usizikate. Marehemu Omar Said Bakor, mpiga picha wetu wa Lamu, alitengeneza picha kwa kukata na kuunganisha, na mimi nataka mkono wa mtu uonekane kwenye kadi kama kwenye zile zake. Usiwapelekee mnara wa Vasco da Gama, wameshauona kwenye intaneti. Wapelekee ukuta wa jiko la bibi yako.

Kuhusu posta: natuma kadi tupu, bila bahasha. Mikwaruzo na muhuri ni sehemu yake, ila mzunguko ukitaka bahasha, fuata. Sayanotaipi ina faida kubwa hapa, maana ni karatasi tu: stempu inashika na wino unakauka. Kwenye karatasi ya plastiki wino wa kalamu hupakaa, na stempu hubanduka usipoongeza gundi. Usiweke kadi mbili uso kwa uso kwenye mfuko wa plastiki zikiwa na unyevu. Mwaka wa pili zangu nne ziligandana, nikalazimika kuzirudia zote.

Tengeneza mbili zaidi ya idadi ya watu, zote kutoka negativu moja. Nyuma andika kwa penseli mahali, mwezi na filamu. Ukipokea ya mwenzako, mjulishe siku hiyo hiyo, kwa sababu anahesabu siku.

Na mpokeaji akikwambia buluu imefifia kwa kukaa dirishani, mwambie aifungie kabatini wiki kadhaa. Gizani buluu hurudi. Yangu moja, iliyoning'inizwa jikoni kwa mtu huko Ureno, imesharudi mara mbili.