Calistoga kuanzia mavuno mpaka Krismasi: maswali yenu

Maswali ya Calistoga yamejaa, kale kamji ka watu kama 5,000 kule mwisho wa bonde la Napa, California. Leo nayajibu kwa mkupuo.

Tuko wanne na gari moja, tunatoka Oakland. Kwa siku tutapita viwanda vingapi vya mvinyo?
Viwili, basi. Na mbona hakuna anayeniuliza nani ataendesha kurudi? Kila mwaka naandika hivi hivi na kila mwaka naletewa orodha ya viwanda vitano kwa siku moja. Ni mwendo wa saa moja na nusu, barabara ya Silverado Trail ina kona na usiku ni giza totoro, kikomo cha pombe kwenye damu ni 0.08, na kama wewe ni mhamiaji kesi ya kuendesha umelewa inaweza kukuvurugia mpaka makaratasi. Chagueni mmoja asiyeonja hata tone, au laleni huko huko. Na kuonja kisha kutema mvinyo kwenye ndoo ni adabu kabisa, wajuzi wote wanatema.

Naweza kutokea tu bila booking?
Hapana. Viwanda vingi vilivyoanza baada ya sheria ya kaunti ya 1990 haviruhusiwi kupokea mtu asiye na miadi. Hili nimeshalijibu jamani, someni.

Majani mekundu yanaonekana lini?
Mwisho wa Oktoba mpaka katikati ya Novemba. Ila mjue, shamba lililoiva wekundu ule mkali mnaoupenda kwenye picha mara nyingi lina virusi, mizabibu mizima kwa kawaida inageuka njano. Mimi ningewashauri mje Septemba, muamke saa kumi alfajiri muone mavuno yenyewe. Wanachuma usiku ili zabibu ziingie kiwandani zikiwa baridi, kila mtu ana taa kichwani na kisu kilichopinda kama mundu mdogo, anakata kishada, kinaanguka kwenye beseni, anasogea mbio mbio. Wengi wametoka Mexico, na jasho lao ndilo mnalolipia dola 40 na zaidi kuonja. Kwa hiyo msiwamulike na flashi usoni wala msiingie shambani kudokoa. Wenzetu wa Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka, hawa ni mara moja tu, kishada kikipotea ndo basi mpaka mwakani.

Oktoba si kuna moto?
Upo. Oktoba 2017 moto wa Tubbs ulianzia hapo hapo jirani ukaua watu 22, na 2020 ukaja wa Glass. Mkitangaziwa upepo mkali na ukavu, ahirisheni, hela ya hoteli itatafutwa tena. Mkiwa mmeshafika, jazeni mafuta mapema, simu isizimwe usiku, mkiambiwa tokeni mtoke.

Mimi Muislamu, sinywi. Nije kufanya nini?
Dada yangu njoo, mji huu ulijulikana kwa maji moto tangu karne ya 19. Kuna bafu za tope la majivu ya volkano, ila uliza kwanza chumba cha faragha maana wengi wanaingia bila nguo, na kama ni mjamzito usiingie. Halafu miti mirefu ya redwood pale hifadhi ya Bothe, ni hapo jirani tu.

Gwaride la matrekta ni lini, na treni inafika?
Jumamosi ya kwanza ya Desemba jioni, Lincoln Avenue. Treni ya mvinyo, ile ya watalii kutoka Napa, haifiki, inaishia mji wa St. Helena, pandeni basi namba 10 kutoka Napa na muulize la mwisho kurudi ni saa ngapi. Wahini kabla barabara haijafungwa, koti zito kwa watoto, mkae karibu na ukingo. Ni matrekta yale yale ya mashambani, yamezungushiwa taa mpaka kwenye matairi, na watu wanawapigia makofi madereva mwanzo mwisho.