Sisimizi aliye ndani ya kaharabu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imenifikia pamoja na picha ya kidani cha kaharabu ya Baltiki, yaani utomvu wa miti ya kale uliogeuka kuwa mgumu kama jiwe, ulichonunua huko Hamburg, chenye sisimizi katikati, na swali lako nimelisoma mara mbili: je, mdudu huyo bado yu mzima, nyama na damu yake, kama alivyokuwa siku aliponaswa, au tunachokiona ni umbo lake tu? Jibu langu ni kwamba umbo lake limehifadhika vizuri mno, mwili wake huenda umehifadhika kwa sehemu, na vinasaba vyake usivitarajie kabisa. Nivumilie nikueleze, kwa maana jambo hili nimelipenda tangu nilipokuwa nafundisha biolojia.

Unakikumbuka kipande cha sandarusi, yule ndugu mdogo wa kaharabu atokaye kwenye mti wa msandarusi, ambacho marehemu babu yako alikiweka katika kijaluba chake cha tambuu? Jana usiku nilikitoa, nikakiinua mbele ya taa na kukitazama kwa lenzi ya mkononi. Ndani yake yumo mbu mmoja. Bawa lake la kushoto limekunjika, mguu mmoja wa nyuma umevutika kuelekea upande ambao utomvu ulikuwa ukitiririka, na vinywele vya vipapasio vyake vinaonekana kimoja kimoja. Kando ya kichwa kuna kiputo cha hewa, kidogo kuliko punje ya ulezi.

Mbu huyo alinaswa kama ndege anavyonaswa kwa ulimbo. Gome la msandarusi likijeruhiwa, mti hutoa utomvu mzito wa kunata, na mdudu anayetua hapo hufunikwa na tone linalofuata kabla hajaweza kujinasua. Utomvu humkausha maji, humkinga na hewa, na kemikali zake huwazuia bakteria na kuvu wa nje wasimwozeshe, ingawa vijidudu vilivyokuwa tayari tumboni mwake huweza kuendelea na kazi yao kwa muda. Baadaye, ukishafukiwa ardhini, mafuta yake mepesi hutoka polepole, na molekuli zinazobaki huungana na kuwa kitu kigumu. Sandarusi yetu, ambayo katika karne ya 19 ilichimbwa Mrima na kupelekwa Unguja ili isafirishwe Marekani na Ulaya kutengenezea vanishi, bado iko njiani katika safari hiyo. Kaharabu ya Baltiki ilikwishafika zamani, kwani ina umri wa miaka milioni 40 hivi.

Sasa tumrudie sisimizi wako. Wadudu wengi wa kaharabu ya Baltiki wana uwazi ndani: kilichobaki ni ganda jembamba, na mara nyingi upande mmoja umefunikwa na ukungu mweupe uliotokana na majimaji na gesi za mwili ulipokuwa ukioza. Mtazame tumboni, ukiona weupe kama wa maziwa, ndio huo. Hata hivyo wapo waliosalimika zaidi. Mwaka 1982 watafiti George Poinar na Roberta Hess walichapisha picha za nzi mdogo wa kaharabu hiyohiyo, ambaye chini ya hadubini ya elektroni alionekana kuwa bado na nyuzi za misuli, viini vya seli na mitokondria, vile viungo vidogo vinavyoipa seli nguvu. Tafakari hilo, mwanangu: viungo vya ndani ya seli moja, baada ya miaka milioni 40.

Habari kama hizo ndizo zilizowapa watu tamaa ya vinasaba. Katika miaka ya 1990 zilitangazwa taarifa za DNA, yaani molekuli inayobeba vinasaba, ya wadudu wa kaharabu, mmoja wao akiwa mbawakawa kutoka Lebanon mwenye umri wa zaidi ya miaka milioni 120, lakini wengine waliporudia kazi hiyo hawakupata kitu cha kuaminika. Mwaka 2013 watafiti wa Manchester walijaribu nyuki waliokuwa ndani ya sandarusi ya Kolombia, wa zamani zaidi akiwa na miaka 10,000 na kidogo, na hawakupata vinasaba vya kale. Mwaka 2020 hatimaye vilipatikana, ila katika mbawakawa walionaswa kwenye utomvu wa msandarusi wa Madagaska miaka 2 hadi 6 tu kabla ya hapo. Kuona mitokondria na kusoma vinasaba ni mambo mawili tofauti: umbo la seli linaweza kukauka likabaki, lakini mnyororo wa DNA hukatikakatika.

Nimeutaja msandarusi tena kwa sababu mti wa kale uliotoa kaharabu ya Jamhuri ya Dominika unafanana zaidi na msandarusi wetu wa pwani kuliko miti ya jamii hiyo iliyoko Amerika leo. Ndiyo maana wataalamu walikwenda Madagaska kulinganisha wadudu walionaswa kwenye utomvu na waliokuwamo msituni, na mwaka 2018 wakaeleza kwamba utomvu huwakilisha hasa wale wanaoishi kwenye shina na karibu yake. Wanyama wakubwa hujinasua au huacha kipande tu, kama ule mkia wa dinosaria mdogo uliotangazwa mwaka 2016, uliopatikana katika soko la Myitkyina nchini Myanmar: pingili 8, urefu wa milimita 37 hivi, na manyoya yake bado yameshikamana na ngozi baada ya miaka milioni 99.

Kabla hujamwonyesha mtu kidani hicho, dondoshea tone la asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, upande wa nyuma usioonekana. Pakinata, ni sandarusi uliyouziwa kwa bei ya kaharabu, au kuna vanishi juu yake, kwa hiyo jaribu mahali pengine kabla hujamlaumu muuzaji. Kisha usikiache juani wala karibu na hita. Joto na mwanga huipasua kaharabu, na ufa ukimfikia sisimizi, hewa itaingia na kumharibu pale ambapo miaka milioni 40 haikumharibu.

Niandikie uliyoyaona tumboni mwake.

Mama yako