"Ami, sasa wewe ni profesa?" Hapana, mwanangu

Wiki iliyopita mtoto wa ndugu yangu alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita kutoka Lamu. Nyuma yake punda analia, na vijana wenzake wanamchochea aseme hili, aulize lile. Amemaliza shahada ya biolojia Chuo Kikuu cha Pwani, kule Kilifi. Huu ni mwaka wa pili yuko nyumbani, na wageni wakiwa wengi humsaidia mjomba wake kwenye mashua. Alikuwa na maswali matatu. Kwanza, utafiti unalipa? Pili, mtu wa Langoni asiye na mkubwa wa kumshika mkono anaingiaje? La tatu lilikuwa la baraza zima la Mkunguni: "Ami, sasa wewe ni profesa, sivyo?"

Naanza na hilo la mwisho, maana ndilo limenikaa kooni miaka. Mimi si profesa, wala siko njiani kuwa. Nilitaka. Nikaomba mara nne, na mara nne nikaambiwa asante. Najua mama bado huwaambia majirani "profesa wetu wa Ujerumani", nami sijawahi kumsahihisha. Kosa hilo ni langu, si lake. Kazi yangu ni kutunza data katika taasisi ya utafiti hapa Bremen. Baba alipotaka kujua hiyo ni kazi gani, nilimwambia: watu wanakwenda kupima miti, samaki na maji huku na huku duniani, mimi nahakikisha walichopima kimeandikwa sawa na kimehifadhiwa, ili mwenzao akikihitaji baada ya miaka kumi akielewe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wewe ni karani wa boriti."

Tulicheka sote wawili. Lakini mpaka yeo sijapata maelezo yaliyo bora kuliko hayo, na ndiyo sababu nataka kukusimulia kwa urefu nilivyofika hapa.

Unajua babu yako aliuza boriti. Nilipokuwa shule ya msingi, majahazi yakirudi kutoka mikokoni nilikaa naye nikiandika daftari. Korja moja, miti ishirini. Fito, pau, boriti, nguzo, kila moja na unene wake na bei yake, na ole wako uandike pau mahali pa boriti, maana mnunuzi akigundua mzigo mzima unashukiwa. Baba hakutumia rula. Alishika mti kwa kiganja, akautaja, mimi nikaandika. Sikudhani kwamba hiyo ni elimu. Nilidhani ni adhabu, wenzangu wakiwa wanaogelea.

Baada ya shahada ya kwanza nilikaa kama wewe, bila kazi. Ndipo wakaja watafiti wanaopima mikoko, wakahitaji vijana wa kubeba kamba na kuandika namba. Malipo yalikuwa ya kutwa, matope mpaka magotini, mbu usiniulize. Nilifanya mwaka mmoja na nusu. Wenzangu waliosoma walinicheka: shahada nzima, kisha kibarua? Lakini kibarua hicho kilinifungulia mlango kuliko alama zangu, ambazo hazikuwa za kutisha. Nilijua mti wa mkoko haupimwi kama mti mwingine. Kwa kawaida unapima unene kwenye mita 1.3 kutoka ardhini, lakini mkoko una mizizi inayoning'inia kama miguu ya buibui, kwa hiyo unapanda mpaka juu ya mzizi wa mwisho ndipo uanze. Nilimjua mchu, mkandaa, muia na mlilana kwa macho, usiku na mchana. Kule ninakoishi sasa, watu wengi wenye shahada kubwa hawajawahi kukanyaga mikokoni.

Niliandika barua pepe ishirini na tatu kwa walimu wa vyuo vya nje. Ishirini na moja hazikujibiwa. Ukizisoma leo utaona aibu kwa niaba yangu: "Mheshimiwa Profesa, nina ari kubwa na ndoto ya tangu utotoni..." Nani ana muda? Mbili zilizojibiwa hazikuwa na ndoto ndani. Katika moja nilimuuliza mwandishi wa makala kwa nini vipimo vyake vyote vilichukuliwa wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, na kama alijaribu kurudi maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo, maana mimi nilikuwa nimeona tofauti. Alijibu siku hiyo hiyo. Hakuwa na nafasi ya kunipa, lakini alinielekeza kwa mwenzake, na huyo mwenzake ndiye aliyeniambia niombe masomo ya uzamili Bremen. Nilifika Oktoba 2012 na koti la mtumba lililokuwa jepesi mno.

Kuhusu fedha za kuanzia, sikiliza vizuri kwa sababu hapa ndipo vijana wetu wanapoliwa. Usimlipe wakala. Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi karo, unalipa mchango wa muhula tu. Jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula, tangu 2017. Kinachouma ni kitu kingine: bila ufadhili, ubalozi unataka uonyeshe pesa zilizofungiwa benki za kukutosha mwaka mzima, na tangu Septemba 2024 ni yuro 11,904. Hutazigusa zote kwa pamoja, unapewa 992 kila mwezi. Kwa familia ya Lamu hiyo ni nyumba. Kwa hiyo usiende kwa pesa za kuuza shamba la babu. Tafuta ufadhili kwanza, DAAD (shirika la Ujerumani linalofadhili masomo) na wengineo, hata kama itakuchukua miaka miwili ya kuomba. Mimi nilikataliwa mara moja, nikapata ya pili.

Sasa, je, unalipa? Hapa Ujerumani shahada ya uzamivu mara nyingi ni ajira, si masomo ya kulipia. Unapewa mkataba, lakini si wa mshahara mzima. Wangu ulikuwa asilimia 65, nami nikifanya kazi asilimia mia na zaidi, kama kila mtu. Nilipokea kama yuro 1,400 mkononi, chumba 380, kilichobaki unaweza kukikisia, na humo humo kuna ada ya mdogo wangu, dawa za bibi, na yule mtu ambaye sikumbuki tunahusiana vipi lakini ana harusi. Baada ya uzamivu mshahara ukawa mzima, lakini mtu asiye na mke wala watoto hukatwa kodi na bima karibu mbili ya tano. Ukisikia mshahara wa Ulaya, uliza kwanza ni kabla ya kukatwa au baada.

Pesa si ndogo, nisikudanganye. Kinachokula roho ni mikataba. Kuna sheria ya mwaka 2007 inayosema mtafiti anaweza kupewa mikataba ya muda kwa miaka sita kabla ya uzamivu na sita baada yake. Nia yake ilikuwa kuzuia watu wasikae kwenye vibarua maisha yote. Kilichotokea ni kwamba muda ukikwisha, badala ya kukupa kazi ya kudumu wanachukua mwingine mwenye miaka mibichi. Wizara ilitoa video ya katuni kuisifu sheria hiyo, yenye mtafiti wa kubuni aitwaye Hanna, na mwaka 2021 maelfu ya watafiti wakaandika mtandaoni, "Mimi ndiye Hanna." Nami niliandika. Nilikuwa na mkataba uliobakiza miezi kumi na moja, na kibali changu cha kuishi kimefungwa kwenye mkataba huo.

Katika mwaka wangu wa tatu wa uzamivu, tulikuwa na jedwali la miti zaidi ya elfu nne, iliyopimwa na watu watatu nchi mbalimbali. Makala ilikuwa karibu kutumwa. Usiku mmoja naipitia, nikaona mti wa kipenyo cha sentimeta 38 katika msitu ninaoujua, ambao ukiingia na baba atakupigia hesabu ya pau na boriti, nguzo kwa bahati. Nikaona mwingine, na mwingine. Nikachukua 38 nikagawa kwa 3.14, nikapata 12. Boriti! Mmoja wetu alikuwa ameandika mzingo wa mti, yaani urefu wa kuuzunguka, kwenye safu ya kipenyo, miti mia sita na kitu. Na si jambo dogo: hesabu ya kaboni iliyomo ndani ya mti hupanda kwa kasi kuliko kipenyo, kwa hiyo kosa la mara tatu kwenye unene linakuwa la zaidi ya mara kumi kwenye kaboni. Gazi, huko Kwale, tangu 2013 wanakijiji wanauza kaboni ya mikoko yao kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, yaani wanalipwa kwa kuutunza msitu unaoihifadhi. Fikiria namba kama hizo zingeingia kwenye mradi wa namna ile.

Msimamizi wangu alikasirika, kisha akanyamaza, kisha akaniomba nisafishe jedwali lote. Wiki tatu. Mwanangu, zilikuwa wiki tatu tamu kuliko zote za miaka minne. Nilikuwa nakwenda kazini kabla ya wengine. Baada ya hapo watu wakaanza kubisha hodi: angalia na yangu, angalia na hii. Nami nikawa nawahudumia kwa siri, kama mtu anayekula mchana wa Ramadhani, kwa sababu nilidhani kazi halisi ya mtafiti ni kuandika makala na kuomba fedha, na hayo mengine ni kupoteza muda. Kuandika makala kulinichosha. Kuomba fedha kulinipa vidonda vya tumbo, na hapo sitii chumvi.

Ilinichukua miaka mingine minne na kukataliwa mara nne kuona kwamba nilikuwa nagombea kiti nisichokitaka, kwa sababu ndicho kiti pekee ambacho watu wa nyumbani wanakijua jina. Mwaka 2022 taasisi ikatangaza nafasi ya mtunza data, mkataba usio na mwisho. Mwenzangu mmoja aliniambia hiyo ni kazi ya waliofeli. Niliomba usiku ule ule.

Kwa hiyo ukiniuliza uanze wapi, mimi nakuuliza: katika utafiti, ni kazi gani unayoifanya bila kusukumwa? Kuna mtu wa maabara, kuna mtakwimu, kuna anayesimamia wapimaji nyanjani, kuna anayekaa na wanakijiji akawaeleza kwa nini damu yao inachukuliwa. Hao wa mwisho wako wengi hapo Kilifi kwenye mradi wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na shirika la Wellcome la Uingereza, uliopo tangu 1989, na baadhi yao ni hodari kuliko madaktari. Kilifi ni mwendo wa basi kutoka kwako. KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, iko Mombasa. WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari cha Magharibi mwa Bahari ya Hindi, kiko Zanzibar na hutoa fedha za utafiti. Sioni sababu ya kuja kuganda huku kabla hujaigonga milango hiyo. Na Lamu yenyewe ina haja. Mwezi wa Juni 2019 mahakama ya mazingira ilifuta leseni ya kiwanda cha makaa ya mawe kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ripoti za mazingira za namna ile ni nene, kwa Kiingereza kigumu, na mui wetu una watu wachache wa kuzisoma jedwali kwa jedwali.

Ubaridi hukuuliza, lakini najua mama yako ataniuliza kwa nini sikukwambia. Desemba jua linazama saa kumi jioni. Ramadhani ya 2014 na zile chache zilizofuata tulifunga zaidi ya saa 18, nikifuturu peke yangu kwa tende na supu ya pakiti. Hayo yanazoeleka. Bibi alipofariki, simu ilikuja saa mbili asubuhi, na adhuhuri alikuwa amekwisha zikwa. Sisi hatungoji, na hakuna ndege inayowahi. Nilikwenda kazini siku hiyo kwa sababu sikujua pa kwenda. Hilo halijazoeleka.

Basi nitumie barua unayotaka kuwapelekea hao walimu, kama ilivyo, usiipambe. Nitaisoma Jumamosi. Pamoja nayo piga picha kurasa tatu za daftari lako la nyanjani, la ule mradi wako wa mwaka wa mwisho. Hata kama limelowa.