Kabla hujasambaza waraka wa umma: niliyojifunza kwenye steshenari yangu Kirumba

Nina steshenari Kirumba, jijini Mwanza, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka soko la samaki la Mwaloni. Mashine moja ya fotokopi, printa mbili, kompyuta mbili na benchi la wateja. Asubuhi wanakuja wanafunzi na watu wa maombi ya kazi. Jua likipanda wanakuja watu wa samaki: wenye mitumbwi, makarani wa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo), akina mama wa dagaa. Hao wa mchana ndio walionifanya niandike haya.

Siku moja alikuja mama mmoja mchuuzi wa dagaa, simu mkononi, kioo kimepasuka kutoka kona hadi kona. Akaniambia, "Mwanangu, nifungulie hii. Wanasema ushuru wa gunia umeandikwa humu, lakini bando langu limekata kabla haijashuka." Ilikuwa PDF ya sheria ndogo za ushuru. Kurasa 58, MB 41. Nikaishusha kwa kompyuta yangu, tukakaa benchi moja kuitafuta ile mistari miwili ya dagaa.

Kumbe zilikuwa picha tu. Mtu aliweka kitabu mezani akakipiga ukurasa kwa ukurasa, kurasa nyingine zimelala upande, nyingine nusu giza. Ukiandika "gunia" sehemu ya kutafuta, kompyuta inakujibu hakuna kitu, kwa sababu kwake yeye ile ni picha, haioni neno lolote pale. Tulipekua ukurasa mmoja mmoja karibu nusu saa. Jedwali la ushuru tukalikuta ukurasa wa 31, na kivuli cha dole gumba cha mpiga picha kimekaa juu ya safu ya bei. Ule mstari wa dagaa ukasomeka "kwa gunia, Sh." na baada ya hapo weusi.

Mama akashukuru, akaondoka. Kesho yake alilipa alichoambiwa alipe. Hadi leo sijui kama kilikuwa halali au alizidishiwa, na jambo hilo linaniuma, maana waraka ule ulikuwa wa umma, uko mtandaoni, haukufichwa na mtu yeyote, na bado mwenye haja nao hakuweza kuusoma.

Wiki ile nilitafuta nakala ya karatasi iliyo safi, nikaichapa yote upya. Kurasa 58 zikawa faili lisilofika KB 200, linashuka kwenye simu yoyote, ukitafuta "gunia" linakupeleka pale pale. Nikaanza kuwatumia watu bure. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mmoja akaniambia ile ni mali ya serikali na nitakamatwa. Mwingine, aliyekuwa akiuza fotokopi za waraka ule ule, akasema nimemwibia, na kweli nakala zake zilikuwa na muhuri wa "haki zote zimehifadhiwa".

Nikaona nisibishane, nisome. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 imelisema jambo hili wazi: sheria, hukumu za mahakama na maamuzi ya vyombo vya utawala, pamoja na tafsiri zake rasmi, havilindwi na hakimiliki. Sheria ndogo za halmashauri ni sheria. Mtu hawezi kuzipiga muhuri zikawa zake, hata kama fotokopi ameitoa kwa wino wake mwenyewe. Anaweza kukuuzia karatasi na kazi ya mashine, hiyo ni biashara halali na ndiyo inayonilisha mimi pia. Maneno yaliyo juu ya karatasi hawezi kukuzuia kuyanakili.

Basi nikapata ujasiri, na ujasiri ule ukanipeleka kubaya.

Kulikuwa na kijitabu kuhusu sheria za uvuvi kilichokuwa kinapendwa sana hapa Mwaloni. Ndani yake kila kifungu kimefuatwa na maelezo kwa Kiswahili chepesi: maana yake nini, mwenye mtumbwi afanye nini, mifano ya makosa. Mimi kwa akili yangu nikasema hii ni sheria, na sheria haina mwenyewe. Nikakichapa chote, vifungu na maelezo, nikakisambaza, na nakala za karatasi nikaziuza shilingi 2,000.

Mwenye kijitabu alikuja dukani mwenyewe. Ni mhadhiri, mtu mzima, mpole. Hakupandisha sauti. Alichukua nakala yangu moja, akaomba kalamu, akapiga mstari pembeni mwa kila aya ya maelezo, ukurasa baada ya ukurasa, mimi nimesimama namtazama. Kisha akasema, "Vifungu chukua, ni vyako kama vilivyo vyangu. Haya niliyopigia mstari nimeyaandika usiku, baada ya kazi, miaka miwili." Nilimwomba radhi. Nikamrudishia fedha zote nilizopata, nikaziondoa nakala zilizobaki, nikawaandikia niliowatumia kwamba wafute. Alikuwa na haki ya kunifikisha mbali zaidi. Kazi ya mwandishi inalindwa tangu anapoiandika, hahitaji kuisajili kwanza popote, na ulinzi huo unadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake.

Baadaye kijana mmoja anayesoma sheria, mteja wangu wa kuchapisha ripoti, alinisimulia kesi ya Marekani inayofanana na yangu lakini iliyoishia kinyume. Jimbo la Georgia lilikuwa na kitabu rasmi cha sheria zake chenye maelezo chini ya vifungu, maelezo yaliyoandaliwa na kampuni iliyo chini ya LexisNexis, wachapishaji wa vitabu vya sheria, kwa makubaliano na jimbo. Bwana mmoja, Carl Malamud, kupitia shirika lake la Public.Resource.Org, akakiskani kitabu kizima akakiweka mtandaoni kila mtu asome bure. Jimbo likamshtaki. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 27 Aprili 2020, kwa kura 5 dhidi ya 4, jimbo likashindwa. Mahakama ilisema maelezo yale yalitolewa kwa mamlaka ya bunge la jimbo likiwa katika kazi zake za kutunga sheria, kwa hiyo hayana hakimiliki.

Hukumu ya Marekani haifungi mtu Mwanza. Ila imenipa swali ambalo sasa najiuliza kila nikishika waraka: nani ameandika haya, na ameandika akiwa nani? Maelezo ya Georgia yalitoka kwa mamlaka ile ile inayotunga sheria. Maelezo ya mhadhiri wangu yalitoka kwa raia, mezani kwake, kwa taa yake. Karani wa halmashauri akichapa sheria ndogo, ni sheria. Mwandishi wa gazeti akiandika uchambuzi kuhusu sheria hiyo hiyo, uchambuzi ni wake. Tukio lenyewe halina mwenyewe, maandishi ya tukio yanaye.

Ukishajua unachoruhusiwa kunakili, kazi iliyobaki ni kukifanya kisomeke, na hapa naomba uwe na subira nami kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu wakiwa na nia njema kabisa.

Fungua faili lako, bonyeza neno moja kwa kidole, lishikilie. Likibadilika rangi likakubali kunakiliwa, una maandishi. Likikataa, una picha, na hiyo picha itamla mwenzio bando na haitatafutika. Kuigeuza picha iwe maandishi si lazima ukae usiku kucha unachapa. Pakia kurasa kwenye Google Drive kisha uzifungue kwa Google Docs, itajaribu kusoma herufi na kukuletea maandishi. Usipakie kurasa 58 kwa mpigo. Kata vipande vya kurasa chache chache, uzisimamishe wima kwanza, hapo inasoma vizuri zaidi. Wanaojiweza kwenye kompyuta wana programu ya bure inayoitwa Tesseract, nayo inajua Kiswahili.

Lakini usiiamini mashine kwenye tarakimu. Mimi iliwahi kunisomea 1,500 ikaandika 7,500, kwa sababu wino ulikuwa umevuja kidogo juu ya moja. Fikiria ningeituma vile, mama wa watu akadaiwa mara tano na mtu anayemwonyesha simu. Kwa hiyo majedwali tunayasoma wawili. Shemeji yangu anashika karatasi halisi anasoma kwa sauti, "ukurasa 31, mstari wa nne, elfu moja mia tano", mimi nafuata kwenye kompyuta kwa kidole. Tukimaliza tunabadilishana. Inachosha, na sijaona njia ya kuikwepa.

Halafu tarehe. Juu kabisa ya kila faili naandika jina kamili la waraka, namba ya Tangazo la Serikali na mwaka wake, siku niliyonakili, nilipoitoa, na sentensi kwamba nakala hii si rasmi, penye tofauti ifuatwe iliyo kwenye Gazeti la Serikali. Sheria zinabadilika. Kanuni za Uvuvi za 2009, kwa mfano, zilifanyiwa marekebisho 2020, na hadi leo naletewa nakala za zamani zisizo na neno hata moja la kuonyesha kwamba kuna kilichobadilika.

Kwenye hali ya hewa, tarehe ni uhai wa mtu. Wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani siku za giza, mwezi ukiwa haupo, na kabla ya kuingia wengi siku hizi wanaangalia simu. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa ziwa, tarehe imeandikwa juu. Mtu mmoja aliukata utabiri ule ili picha itoshe vizuri kwenye simu, akakata na tarehe, akausambaza. Picha ikazunguka wiki nzima. Jirani yangu aliipata siku ya sita, akaona mawimbi madogo, akashusha mtumbwi na vijana wanne. Upepo uliwakuta usiku wa manane. Walikata kamba, wakaacha nyavu na taa majini, wakafika nchi kavu asubuhi wakiwa wamelowa na hai. Aliyekata picha ile hakutaka ubaya, na sidhani kama anajua mpaka leo. Nakuomba sana, ukisambaza kitu cha namna hiyo, kitume kizima kama kilivyo, au tuma kiungo cha kilipotoka.

Kuhusu viungo: vinakufa. Ofisi inabadilisha tovuti, ukurasa uliouonyesha mwaka jana leo unaleta kosa. Nikikuta waraka muhimu nauhifadhi pia kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandao, unabandika anwani tu. Hukumu za mahakama na sheria nyingi ziko TanzLII, tovuti ya sheria za Tanzania, bure, kaanzie huko kabla ya kulipa mtu.

Picha za mtandaoni za kupamba bango au kadi sina mengi ya kusema. Kuiona Google hakukupi ruhusa. Natafuta Wikimedia Commons, ghala la picha zenye leseni huru, nasoma leseni iliyo chini ya picha, na ikidai jina la mpiga picha basi naliandika pale pale kwenye bango.

Na kama waraka haupo kabisa mtandaoni, au upo kama picha tu? Uombe. Tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayompa raia haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma, nayo ijibu ndani ya siku 30. Yapo yanayozuiliwa, kama ya usalama wa taifa na faragha za watu, lakini jedwali la ushuru halimo humo. Sheria hiyo hiyo inakataza kupotosha ulichopewa, sababu nyingine ya kusoma wawili.

Barua yangu ya kwanza ilipotea. Niliiacha mapokezi kwenye ofisi moja ya umma, nikaambiwa nitapigiwa simu, na nilipofuatilia mwezi uliofuata hapakuwa na mtu aliyewahi kuiona. Sikuwa na chochote mkononi cha kuonyesha. Sasa napeleka nakala mbili masijala. Moja inabaki, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe mbele ya macho yangu, naipiga picha hapo hapo mlangoni. Barua iwe fupi: jina lako, kwamba wewe ni raia, waraka unaoutaka kwa jina na mwaka wake, na namna unavyotaka kuupata. Mimi huwa naandika, "naomba kwa faili la maandishi linalotafutika, si picha", na kueleza kwa nini.

Ya pili ilijibiwa. Afisa alinipigia mwenyewe, dada mmoja mchangamfu, akauliza kama flashi ninayo. Faili la Word alikuwa nalo kwenye kompyuta yake muda wote ule. Nakala ya picha iliyoko mtandaoni, alisema, ilipigwa kwa simu siku ambayo skana iliharibika.

Yule mama wa dagaa nilimtafuta nikamtumia faili la sheria ndogo zile za ushuru. Alilifungua mbele yangu, akaandika "gunia" kwa kidole gumba, polepole, akasoma bei kwa sauti, kisha akaniomba nimkuzie maandishi na nimchapie ukurasa ule mmoja autie kwenye pochi.